Kanisa Moja, Mahali Pawili

Mtakatifu Teilo, askofu wa Wales aliyeishi katika karne ya 6, alipofariki dunia, makanisa matatu yaliugombania mwili wake. Watu wa Penally walidai kwamba huko ndiko walikozikwa wazee wake. Wa Llandeilo Fawr wakajibu kwamba huko ndiko alikoishi na kukata roho. Wa Llandaff nao wakashikilia kwamba askofu huzikwa penye kiti chake. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, walikesha wakiomba, na kulipopambazuka wakakuta miili mitatu imelala sambamba, inafanana kwa sura na kwa kimo, hata kila kanisa likachukua wake na ugomvi ukaisha. Simulizi hili limo katika Kitabu cha Llandaff, mkusanyo wa karne ya 12 ulioandikwa kwa ajili ya kanisa la Llandaff lenyewe, na sidhani kama yupo msomaji atakayeshangaa kuambiwa kwamba, kwa mujibu wa kitabu hicho, mwili wa kweli ni ule uliokwenda Llandaff.

Nimeanza na miili hiyo kwa sababu kanisa ninalotaka kulieleza, ambalo linabeba jina la Teilo, limepatwa na jambo linalokaribia hilo. Kuta zake zimesimama katika makumbusho ya wazi ya Sain Ffagan, nje kidogo ya jiji la Cardiff. Ardhi yake na maiti wake wamebaki kwenye kinamasi cha mto Llwchwr, kama kilomita 70 upande wa magharibi. Michoro yake ya asili ilibanduliwa ukutani na kuhifadhiwa mbali na kuta hizo, na ile anayoiona mgeni leo ni nakala iliyochorwa upya. Nimefika kwenye kuta na nimefika kwenye kinamasi, miaka miwili ikiwa imepita kati ya safari hizo, na katika muda huo wote sikuweza kuamua ni wapi nimeliona kanisa.

Jina lake kamili ni kanisa la Llandeilo Tal-y-bont. Neno llan la Kiwelisi mwanzoni lilimaanisha kiwanja kilichozungushiwa ua, baadaye likawa kiwanja cha kanisa, na mwishowe kanisa lenyewe pamoja na parokia yake. Teilo akitanguliwa na llan hugeuka Deilo, kwa maana katika Kiwelisi konsonanti ya kwanza ya neno hubadilika kufuatana na kinachoitangulia. Rafiki yangu Mwingereza huiona tabia hiyo kuwa ni uchawi mtupu, lakini sisi tunaosema mti mrefu na nyumba ndefu, ulimi mmoja na ndimi mbili, hatuna haki ya kushangaa. Tal-y-bont ni mwisho wa daraja, na nyongeza hiyo ilihitajika ili kulitofautisha kanisa hili na makanisa mengine mengi ya Teilo yaliyotapakaa kusini mwa Wales. Mji uliokuja kukua jirani, Pontarddulais, nao una daraja katika jina lake: daraja juu ya mto Dulais. Wenyeji hawakuhitaji maelezo yote hayo. Kwao lilikuwa yr hen eglwys, yaani kanisa la zamani, basi.

Halikuwa kanisa kubwa. Anayelitarajia liwe na mnara, vioo vya rangi na dari za mawe zilizopinda, kama yalivyo makanisa makuu ya Ulaya kwenye kalenda, atavunjika moyo akiwa bado njiani, kwa sababu kwa mbali linafanana na ghala la mkulima mwenye uwezo wa wastani. Sehemu zake kongwe zaidi huenda ni za karne ya 13: ukumbi wa mstatili ambamo waumini walisimama, na upande wa mashariki chumba kidogo zaidi chenye altare. Baadaye yakaongezwa makanisa madogo ya pembeni, kisha, kuelekea mwisho wa enzi za kati, upande wa kusini ukapanuliwa kwa kuupasua ukuta na kuweka matao, na mlangoni kukajengwa baraza lenye paa. Ukiutazama mchoro wa msingi wake utaona kitu kama nyumba ya ukoo ambayo kila kijana anapooa huongezwa chumba: hakuna pembe inayolingana na mwenzake, na hakuna aliyewahi kukaa chini na kuupanga mzima.

Ukuaji wa namna hiyo ulikuwa na sababu yake, tena ya kifedha. Katika sheria ya kanisa iliyotumika Wales na Uingereza, utunzaji wa jengo la parokia uligawanywa mara mbili: chumba cha altare kilikuwa mzigo wa yule aliyepokea zaka kuu za parokia, na ukumbi ukawa mzigo wa waumini. Ndiyo maana katika makanisa mengi ya vijijini ukumbi ni mpana, umeongezwa na kupambwa, ilhali chumba cha altare kimebaki kama kilivyokuwa. Waumini walitoa kwa kuwa walikuwa wakijitengenezea mahali pao wenyewe, pa kusimama wakiwa hai na, kwa wenye uwezo, pa kuzikwa chini ya sakafu. Mpokea zaka, ambaye mara nyingi ilikuwa monasteri ya mbali, hakuwa na haraka.

Kuta zilijengwa kwa mawe ya hapo hapo yasiyochongwa, yakashikwa kwa mota ya chokaa, kisha zikapakwa chokaa ndani na nje. Hapo ndipo mimi nilipoanza kulielewa jengo hili, kwa kuwa babu yangu alikuwa fundi chokaa huko Pangani na utoto wangu ulipita kati ya mapipa yake. Kwetu chokaa hutoka baharini: matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa usiku na mchana, na kinachobaki hulowekwa kwenye maji hadi kitulie. Kwao hutoka kwenye miamba ya mawe ya chokaa. Lakini tabia ya kitu chenyewe ni ile ile. Chokaa iliyolowekwa ikipakwa ukutani huivuta polepole hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, kwa hiyo kila mkono wa chokaa ni ngozi nyembamba ya jiwe juu ya ngozi nyingine. Ukuta uliopakwa hivyo hupumua. Unyevu hupita ukatoka. Babu alikuwa akisema kwamba saruji ni kama kumvalisha mtu mwenye jasho koti la mvua, na wahifadhi wa majengo ya kale, kokote walipo, wangemwelewa bila mkalimani.

Katika karne ya 19 kanisa lilianza kuachwa. Hakukuwa na vita wala moto. Watu walihama tu. Reli na viwanda vya mabati ya bati viliwavuta kuelekea Pontarddulais, ambako katikati ya karne hiyo likajengwa kanisa jipya, na la zamani likabaki peke yake kwenye nyasi za maji ya chumvi. Bahari iko mbali kidogo na mahali pale, lakini Llwchwr ni mto unaopandwa na bahari, na siku za bamvua maji hujaa hadi kwenye nyasi. Isitoshe, Wawelisi wengi wa eneo lile walikuwa wameshahamia kwenye madhehebu yasiyofungamana na kanisa la dola, ya Wabaptisti, ya Wakongregesheno na ya Wamethodisti, na ule uamsho mkubwa wa mwaka 1904 ulioanzia Loughor, mji ulio kwenye mto huo huo kuelekea baharini, uliwaka katika nyumba zao za ibada. Kanisa la zamani liliendelea kupata ibada chache za majira ya kiangazi, hadi katika karne ya 20 nazo zikakoma. Kilichofuata ni kile kinachoyapata majengo yote yasiyo na mtu wa kuamka usiku kwa ajili yake: vigae vya mawe vikatoweka juu ya paa, mvua ikaingia, na chokaa ya ndani ikaanza kumenyuka.

Chini ya chokaa palikuwa na rangi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walizipima na kuzichunguza kuta hizo, wakakuta tabaka kwa tabaka za michoro ya enzi za kati, nyingine ikiwa imechorwa juu ya nyingine. Palikuwa na Mtakatifu Kristofa, Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, na Kristo akidhihakiwa na watesi wake. Mafundi walioichora hawakutumia mtindo wa Kiitalia wa kuchora kwenye lipu mbichi ili rangi ijifunge humo. Kama wenzao wengi wa kaskazini, walipaka juu ya chokaa iliyokauka, kwa rangi ambazo nyingi hazikuhitaji meli kuzileta: udongo mwekundu, ambao maseremala wetu wa pwani huuita ngeu, udongo wa njano, mkaa kwa weusi na chokaa yenyewe kwa weupe. Michoro ya aina hiyo ni dhaifu. Ikiachwa wazi kwa moshi wa mishumaa, kwa mabega ya watu na kwa jua la dirishani, hufifia na kupukutika. Waliokuja kuifuta kwa chokaa, kwa amri na kwa imani, waliifunika kwa ngozi za jiwe, moja baada ya nyingine, na ikakaa humo zaidi ya miaka 400.

Amri hizo zilikuja kwa kasi ambayo mtu wa leo hupata shida kuipima. Mfalme Henry wa Nane alijitenga na Roma mwaka 1534, lakini kwenye ukuta wa kijijini badiliko lilionekana hasa chini ya mwanawe Edward, aliyetawala kuanzia 1547 hadi 1553: sanamu ziliamriwa kuondolewa, altare za mawe zikavunjwa na mahali pake pakawekwa meza. Dada yake Mary akayarudisha yote hayo kwa miaka 5. Elizabeth akayaondoa tena, na mwaka 1561 ikatoka amri ya kubomoa roshani za msalaba zilizokuwa juu ya viambaza, zile kuta za mbao zilizotenga ukumbi na altare. Mwanamke aliyezaliwa Llandeilo Tal-y-bont mwaka 1520 angeweza kuyaona yote haya kabla hajawa bibi kizee.

Na jambo linalonisumbua zaidi kuliko rangi ni lugha. Misa ya zamani ilikuwa ya Kilatini, lugha ambayo mkulima wa Kiwelisi hakuielewa ila alikuwa ameizoea, na michoro ya ukutani ilimsaidia pale maneno yalipomshinda. Mwaka 1549 Kilatini kiliondolewa, kikawekwa Kitabu cha Sala cha Kiingereza, yaani lugha ambayo wengi wa watu wale hawakuielewa wala hawakuizoea. Kitabu cha Sala na Agano Jipya kwa Kiwelisi vilitoka mwaka 1567, na Biblia nzima, kazi ya William Morgan, ikatoka 1588. Ukitoa ile miaka 5 ya Mary, kuna kipindi cha zaidi ya miaka 10 ambacho muumini wa kijijini alisimama mbele ya ukuta mweupe akisomewa kitabu kigeni. Historia za Matengenezo ya Kanisa, yaani mageuzi hayo ya karne ya 16, zinazoandikwa Uingereza hukipita kipindi hicho kwa sentensi moja. Mtu aliyekulia katika nchi ambako lugha ya ibada, ya mahakama na ya shule zimewahi kuwa tatu tofauti hawezi kukipita upesi namna hiyo.

Kanisa lilibomolewa kati ya mwaka 1984 na 1985, kwa ridhaa ya wenyewe, jiwe baada ya jiwe, na mawe yakatiwa alama ili kila moja lijulikane lilipotoka. Michoro ilibanduliwa kwanza, kazi inayohitaji subira ya mtu anayemvua mgonjwa bandeji. Sain Ffagan walikuwa na uzoefu. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1948 chini ya Iorwerth Peate, kwa mfano wa Skansen, makumbusho ya wazi ya Sweden, na kazi yao tangu hapo imekuwa kuhamisha nyumba za watu wa kawaida kutoka kila pembe ya Wales: nyumba za wakulima, safu ya nyumba za wachimba madini na mafundi chuma, shule, duka, kinu. Yamezidi majengo 40 sasa. Hata hivyo kanisa liliwachukua zaidi ya miaka 20, na mwezi Oktoba 2007 ndipo Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Swansea, alipolifungua.

Sababu mojawapo ya ucheleweshaji ilikuwa swali gumu: kanisa lililoishi miaka 600 lirudishwe katika umri gani? Wangeweza kulisimamisha kama walivyolikuta, jeupe, lenye viti vya mbao vilivyozungushiwa vijiukuta kama vizimba, kwa mtindo wa karne za 18 na 19. Waliamua kulirudisha jinsi lilivyoweza kuwa katika miaka ya 1520 hadi 1530, kabla tu ya dhoruba. Kwa kile kilichokuwapo, michoro iliyofichuliwa ndiyo iliyowaongoza. Kwa kile kilichopotea, yaani kiambaza, roshani, altare na sanamu, waliyaendea makanisa mengine ya Wales yaliyosahauliwa na wavunjaji. Mfano mashuhuri ni Patrishow, kanisa dogo la milimani huko Powys, ambalo kiambaza chake cha mwaloni cha mnamo 1500 bado kimesimama na roshani yake juu, kimechongwa mizabibu na majoka, pengine kwa sababu tu lilikuwa mbali mno kwa mtu wa kwenda kulikagua.

Niliingia humo kwa mara ya kwanza siku ya mvua, nikiwa nimetoka katika nyumba ya Kennixton, ile nyumba ya shamba iliyopakwa rangi nyekundu kuanzia chini hadi juu, ambayo yenyewe ingestahili makala. Nilikuwa nimeshayaona makanisa kadhaa ya kale ya nchi ile na nilijua nitegemee nini: mawe ya kijivu, harufu ya unyevu, ukimya unaomfanya mtu ashushe sauti. Hakukuwa na jiwe la kijivu hata moja. Kulikuwa na wekundu, njano, kijani na dhahabu, kutani, kwenye boriti, juu ya kiambaza, hata nikasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Jambo la kwanza lililonijia ni kanga. Sijui niliseme vipi kwa adabu zaidi: ndani ya kanisa lile mpangilio wa rangi, na mapambo yanayozunguka pindo za kila tao, na maandishi yaliyopangwa pale yanapopaswa kusomwa, vilinikumbusha duka la vitambaa kuliko nyumba ya toba. Mawe ya kijivu tunayoyahusisha na enzi za kati yametokana na wafutaji wa karne ya 16, na baada yao wakarabati wa karne ya 19 walioibandua lipu hadi kwenye jiwe kwa kudhani kwamba ndivyo wazee walivyopenda.

Anayeingia kwa mlango wa kusini anatazamana na ukuta wa kaskazini, na hapo ndipo alipo Kristofa, jitu lenye fimbo, likivuka mto na mtoto Yesu begani. Desturi ya kumchora mkabala na mlango ilienea Ulaya nzima ya magharibi, na ilikuwa na maana ya vitendo: watu waliamini kwamba mwenye kumtazama Kristofa hatakufa siku hiyo kifo cha ghafla, bila kitubio na bila sakramenti. Mkulima hakuhitaji hata kuingia. Angechungulia tu akiwa njiani kwenda shambani, akaendelea na safari yake. Kwa parokia iliyoko kando ya mto unaopanda na kushuka kwa maji ya bahari, ambako kuvuka ni jambo la kila wiki na tope halina huruma, nadhani jitu lile lilitazamwa kwa makini kuliko watakatifu wengine wote.

Ukumbini hakuna viti vya waumini, ila mabenchi machache ya pembeni kwa wagonjwa na wazee. Watu walisimama, wakapiga magoti, wakatembea kutoka kwa mtakatifu mmoja hadi mwingine. Kati ya ukumbi na altare kinasimama kiambaza cha mbao, sehemu ya chini imezibwa na ya juu imetobolewa kama dirisha la nakshi. Juu yake iko roshani, na juu ya roshani msalaba mkubwa, Maria upande mmoja na Yohana upande wa pili. Zamani nilidhani viambaza hivi viliwekwa ili kuwatenga watu na mambo matakatifu. Nikiwa nimesimama pale niliona kwamba hilo ni nusu ya jambo. Nakshi ile inaruhusu kuona, ila vipande vipande, na kichwa cha padri kinapoinama hupotea, halafu mikono yake ikiinua hostia, yaani mkate wa Misa, huonekana juu ya ubao. Wapambe wa arusi zetu wanaijua hesabu hiyo vizuri sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, wakiongozwa na profesa John Harper, walilitumia jengo hili kuziendesha upya ibada za kabla ya Matengenezo, wakiwa na kinanda kilichoundwa kwa mfano wa vile vya wakati huo, ili kujua sauti hufika wapi, nani huona nini, na msafara hupita vipi katika nafasi finyu kama ile. Maswali kama hayo hayajibiwi na ramani.

Kwenye roshani mafundi wa makumbusho wamechonga matukio ya maisha ya Teilo, na mgombano wa mwili wake haukusahauliwa. Sina hakika kama waliokichonga kisa hicho waliona utani uliomo, wa kukiweka ndani ya jengo ambalo mwili wake umeondolewa na kupelekwa karibu na Llandaff. Maana Sain Ffagan na Llandaff ni majirani, zote mbili ziko upande wa magharibi wa Cardiff. Askofu wa Kitabu cha Llandaff angefurahi. Baada ya karne nyingi, Teilo mwingine amesogezwa kwake.

Nina lawama moja, na nimeirudia kichwani mara nyingi vya kutosha kujua kwamba haitaondoka. Watu wa mwisho waliolipenda kanisa hili kama kanisa, waliokwenda kwa miguu kwenye kinamasi siku za kiangazi kuimba kwa Kiwelisi, hawakuwahi kumwona Kristofa. Kanisa lao lilikuwa jeupe. Walikaa kwenye vizimba vyao vya mbao, wakamsikiliza mhubiri aliye kwenye mimbari, na kama yupo miongoni mwao ambaye angefufuliwa na kuletwa Sain Ffagan, angeitambua labda sura ya matao na mwelekeo wa paa, lakini angeapa kwamba si pale alipobatizwa. Kwa kuchagua muongo mmoja wa karne ya 16, wahifadhi walilazimika kuziweka kando karne nne na zaidi za baadaye, na hizo ndizo zilizokuwa na kumbukumbu za watu.

Wenyewe wangenijibu, na jibu lao lina uzito, kwamba ibada nyeupe ya Wales haikukosa mahali katika makumbusho hayo: hatua chache tu kutoka pale kuna nyumba ya ibada ya Waunitaria ya Pen-rhiw, ya mwaka 1777, yenye mbao tupu na mwanga tupu, na anayetaka kuujua ule ukavu wenye heshima anaweza kwenda kukaa humo. Wangesema pia kwamba kanisa jeupe la kijijini bado lipo katika kila bonde la Wales, ilhali kanisa la rangi halikuwapo popote likiwa zima. Nakubali. Llancarfan, kusini mwa nchi, wamefichua katika miaka ya karibuni Mtakatifu Joji na joka, dhambi saba za mauti, na mauti yenyewe ikimshika mkono kijana mtanashati, yote chini ya tabaka nyingi za chokaa. Lakini hapo unaona vipande katika kanisa ambalo mengine yake yote ni ya baadaye. Katika Sain Ffagan peke yake ndipo nilipoweza kusimama katikati na kuelewa kwamba michoro haikuwa picha zilizotundikwa ukutani. Ukuta wote ulikuwa ukizungumza kwa pamoja, na kiambaza, na mishumaa, na watu. Kwa faida hiyo pengine bei ilistahili. Naitaja bei kwa sababu kwenye kibao cha maelezo haitajwi.

Mwaka uliopita nilipanda treni ya kwenda Pontarddulais, ile ya polepole inayopita katikati ya Wales na kusimama kwenye vituo ambavyo abiria humpungia dereva mkono ili asimame. Nilikuwa nimepewa maelekezo na mzee mmoja niliyemkuta kwenye duka la magazeti, ambaye aliniuliza kwanza kama nina ndugu waliozikwa huko. Nilipomwambia hapana, ila nimeliona kanisa kule Cardiff, alitikisa kichwa kwa adabu. "Wamelichukua," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kitu kilichoazimwa.

Njia ya kwenda huko huwa na tope hata siku ambazo mvua haijanyesha, na barabara kuu ya M4 inanguruma karibu kiasi kwamba ndege hulazimika kuinua sauti. Kiwanja cha makaburi kipo. Mawe ya kaburi yameinama huku na huku, mengi yameandikwa kwa Kiwelisi, majina yale yale matatu manne yakijirudia na majina ya mashamba yakiongezwa ili kumtofautisha mtu na mwenziwe, kama makanisa ya Teilo yalivyotofautishwa kwa madaraja. Katikati yao kuna nafasi yenye nyasi ambayo makaburi yote yanaizunguka na hakuna hata moja linaloiingilia. Waliozikwa chini ya sakafu wangali hapo, na sasa wamelala nje.

Nilijaribu kukisia mlango wa kusini ulikuwa wapi, nikasimama hapo nikatazama kaskazini, mahali ambapo Kristofa angekuwa. Maji yalikuwa yakijaa. Hayakuja kwa wimbi. Yalipanda tu ndani ya vijifereji vya tope, kimya, kijifereji kimoja baada ya kingine, kama yanavyopanda Pangani kwenye mikoko. Nilikuwa nimevaa viatu vya mjini, na treni ya kurudi ilikuwa moja tu jioni ile, kwa hiyo nilipita kwenye nyasi kavu zilizobaki huku nikihesabu hatua.